Bunduki za ziada ya jeshi: majina yanayokosewa na uzushi unaorithiwa

Ndugu waandishi wa habari, watunzaji wa makumbusho, wafasiri na walimu wa historia: shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Chukulieni kadi ya maelezo iliyobandikwa chini ya bunduki kuukuu ukutani, nayo imeandikwa hivi: "Gobore la Mjerumani, aina ya K98, lililotumika katika Vita vya Majimaji." Mgeni anausoma mstari huo, anapiga picha, anakwenda zake. Ndani yake mna makosa yanayozaana. Gobore hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki yenye bolti, yaani kile kifungo cha chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele kuingiza risasi, haishindiliwi. K98, kwa maana wanayoikusudia watu wengi, ni Karabiner 98k, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1935. Majimaji ilianza 1905 ikazimwa 1907. Kwa hiyo kadi inatueleza kwamba bunduki hii ilipigana miaka 28 kabla ya kuundwa.

Tunachowaomba leo ni hiki: bunduki ya zamani iitwe kwa jina ambalo chuma chenyewe kinalithibitisha. Kisichoandikwa juu ya chuma, wala kwenye daftari la mapokezi, kisiandikwe kwenye kadi kana kwamba kimethibitika. Mwandishi anayekosea jina la silaha katika habari ya ujambazi anamchorea msomaji silaha nyingine. Mtunzaji anayekosea anafuta ushahidi. Na anayechanganya risasi mbili kwa kuwa zinaitwa jina moja anaweza kupoteza jicho.

Tuanze na neno "ziada". Silaha ya ziada ya jeshi ni ile iliyokuwa mali halali ya jeshi, ikaondolewa kwenye mahitaji kwa sababu jeshi limepata silaha mpya au limepunguza askari, kisha ikauzwa, ikagawiwa au ikaharibiwa kwa utaratibu. Uzee hauifanyi bunduki kuwa ziada. Iliyonyang'anywa adui vitani ni ngawira. Iliyokamatwa kwa jangili ni kielelezo cha kesi. Iliyochakaa na bado imo kwenye hesabu ya jeshi ni chakavu. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo nayo inazitofautisha silaha za ziada, zisizohitajika tena na zilizopitwa na wakati. Biashara kubwa ya bunduki za ziada kwa raia iko Marekani, na uzushi mwingi tunaousoma mtandaoni umetoka huko kwa wauzaji na wakusanyaji, ukaingia kwetu bila kuchujwa.

Lugha yetu yenyewe ina mtego wake. "Risasi" ni madini, ni kile kitonge kinachoruka, na tena ni kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki. Barazani hakuna ubaya. Lakini mkiandika kwamba "risasi saba zimeokotwa eneo la tukio", msomaji hajui kama zimeokotwa risasi ambazo hazijafyatuliwa, vichwa vilivyochomolewa ukutani, au maganda matupu. Ni mambo matatu tofauti, na mbele ya hakimu yana uzito tofauti. Maneno tunayo: risasi nzima, kichwa cha risasi, ganda, baruti, na fataki, yaani kile kidude kwenye kitako cha ganda kinachogongwa na pini. Yatumieni.

Mtego wa pili ni klipu na magazini. Magazini ndiyo nyumba ya risasi: ina springi inayozisukuma kuelekea kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikingoja kufyatuliwa. Klipu haina kazi hiyo. Ni kishikizo cha bati kinachozifunga risasi pamoja ili zipakiwe kwa mkupuo mmoja. Lee-Enfield, bunduki ya bolti ya jeshi la Uingereza, ina magazini ya risasi 10, na askari alisukuma risasi kwa kidole kutoka kwenye kishikizo cha risasi 5, mara mbili. Magazini ile inachomoka, na hapo ndipo watu wanapodhani askari alibeba magazini kadhaa mkandani kama wa leo. Hapana. Ilichomolewa kwa usafishaji na matengenezo. Kupakia kulifanyika kwa juu, bolti ikiwa imevutwa nyuma. M1 Garand ya Marekani ni tofauti kabisa: klipu yake ya risasi 8 huingia nzima ndani ya bunduki, na risasi ya mwisho ikiondoka, klipu tupu hurushwa nje kwa mlio wa "ping". Ndipo ukazaliwa uzushi kwamba adui alikuwa akisubiri mlio huo ili amrukie Mmarekani. Uwanjani kuna mizinga, mashinegan na makelele, masikio yanavuma, na askari hayuko peke yake. Wenzake wanane au kumi wana risasi bado. Hilo tuliache hapo.

Sasa tuingie nyumbani, maana hapa ndipo magazeti yetu yanapoteleza zaidi. Taarifa za polisi Tanzania zimejaa "bunduki aina ya SMG" na "SAR". Kwa Kiingereza cha kijeshi, SMG ni bunduki ya rashasha inayofyatua risasi za bastola: Sten, Sterling, zote za milimita 9. Kumbe silaha inayotajwa kwenye taarifa zetu mara nyingi ni ya familia ya Kalashnikov, yenye risasi ya 7.62×39, nzito na ya masafa marefu kuliko ya bastola. Kosa hilo lina asili ya heshima. Wachina walipopokea nakala yao ya Kalashnikov mwaka 1956 waliiita kwa neno lao la bunduki ya rashasha, na Kiingereza cha vitabu vyao vya maelekezo kikaandika "submachine gun". Jina lake likawa "Aina ya 56". Mwaka huohuo waliipa jina hilohilo nakala yao ya SKS, bunduki ya Kisovyeti, wakaiita kabini (bunduki fupi) ya nusu-otomatiki, na pia nakala yao ya RPD, mashinegan nyepesi. Silaha tatu, jina moja. Jeshi na polisi waliofunzwa kwa vitabu hivyo hawakukosea kusema SMG, walisema walichofundishwa. Anayekosea ni mfasiri anayeitoa SMG kwenye taarifa ya Kiswahili na kuipeleka kwenye lugha nyingine kama Sterling, au mwandishi anayeshangaa namna "SMG" ilivyotoboa mlango wa gari kwa mbali.

Kwa hiyo neno SMG linapotoka mdomoni mwa afisa, liandikwe kama alivyolisema, kisha litafutwe umbo. Aina ya 56 ya Kalashnikov hutambulika haraka: shabaha ya mbele imezungushiwa pete kamili, wakati zile za Kirusi zimeachwa wazi kwa juu, na nyingi zina singe iliyokunjwa chini ya mtutu. SAR, yaani SKS, haina magazini ya kuchomoa katika umbo lake la asili. Ina sanduku la risasi 10 lililoshikizwa na mwili wa bunduki, na inafyatua risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Kuiita bunduki ya mashambulizi ni kosa. Jina hilo ni la silaha yenye risasi ya wastani, magazini ya kuchomoa, na kiteuzi cha kufyatua moja-moja au mfululizo. SKS inayo sifa ya kwanza peke yake.

Halafu kuna "AK-47" ya kila habari. Warusi waliipokea mwaka 1949 kwa jina la AK tu. Mwaka 1959 ikaja AKM, yenye mwili wa bati lililokunjwa, nyepesi zaidi, na sehemu kubwa ya zile zinazoitwa AK-47 duniani ni AKM, nakala zake, au Aina ya 56. Kama hamjaiona alama, andikeni "bunduki ya familia ya Kalashnikov". Ni maneno machache zaidi, na ni kweli.

Kenya na Tanzania tuna jingine: "Mark Four". Katika mpango wa Waingereza, "No." hutaja aina ya bunduki na "Mk" hutaja toleo la marekebisho yake. Bunduki inayoitwa Mark Four na wengi ni Lee-Enfield No. 4, na hasa No. 4 Mk I. "Mark Three" ni SMLE (Lee-Enfield fupi) Mk III ya 1907, ambayo mwaka 1926 ilibadilishwa jina ikawa No. 1 Mk III. Mkorogano unazidi kwa sababu kulikuwa na SMLE Mk IV halisi: bunduki ndefu za zamani zilizofupishwa karakana. Kwa hiyo mwenye kuandika "Mark IV" kwenye kadi ya makumbusho ametaja kitu kilichopo, ila si hicho alicho nacho mkononi. Tofauti huonekana hata kwa mtu aliyesimama hatua tatu mbali. No. 1 ina pua butu: chuma cha mbele kimeufunika mdomo wa mtutu, na shabaha ya nyuma iko katikati ya bunduki juu ya mtutu. No. 4 mtutu wake umechomoza nje kama kidole, na shabaha ya nyuma ni tundu lililo karibu na jicho, juu ya sehemu ya bolti. No. 5 ni fupi, ina faneli ya kuzuia mwako mdomoni, na ndiyo inayoitwa "kabini ya msituni". Jina hilo ni la wauzaji na askari, halimo kwenye orodha rasmi. Na SMLE si "bunduki ya magazini fupi". Neno "fupi" linaihusu bunduki yenyewe, iliyokuwa fupi kuliko Lee-Enfield ndefu iliyotangulia.

Nawaomba tusogee karibu zaidi, tuitazame Lee-Enfield moja mkononi. Iko wapi siri yake? Upande wa kulia, pale mti wa kitako unapoingia kwenye chuma, kuna pete pana iliyopigwa mihuri. Someni kutoka juu: taji, chini yake herufi za mfalme, chini yake kiwanda, kisha mwaka, kisha toleo. "G.R." ni George. "V.R." ni Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. Mkiona V.R. na chini yake mwaka 1907 au 1919, mmeshika nakala ya mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, iliyogongwa kwa mkono na mtu aliyenakili michoro bila kujua maana yake. Nakala hizo huwa na N iliyogeuzwa, herufi zinazopanda na kushuka, taji lililokaa upande. Zina historia yake na thamani yake, ila chuma chake hakina dhamana ya mtu yeyote.

Endeleeni kutafuta. Mshale mpana wa serikali ukiwa mmoja ni alama ya mali ya Uingereza. Mishale miwili iliyokutanishwa ncha kwa ncha ina maana bunduki ilitolewa jeshini na kuuzwa. Hiyo ndiyo ziada kwa maana halisi, imeandikwa kwenye chuma. "F.T.R." na mwaka ni matengenezo makubwa ya kiwandani, kwa hiyo bunduki yenye 1942 kwenye pete na F.T.R. 1953 pembeni imevalishwa upya, na ule weusi wake unaong'aa ni wa 1953. Neno "ENGLAND" lililopigwa wazi si la jeshi. Ni alama ya bidhaa iliyouzwa nje ya nchi. Na "DP" ikumbukeni kuliko zote. Ni bunduki ya gwaride na mafunzo, iliyohukumiwa kutofyatuliwa. Inaweza kuwa na bolti nzuri, mbao safi na mtutu unaomeremeta, huku sehemu moja isiyoonekana ikiwa imechoka au imetobolewa. Muuzaji asiye mwaminifu huisugua DP kwa msasa. Tazameni kama kuna bonde kwenye chuma mahali ambapo pangekuwa tambarare.

Kuna pia zile Lee-Enfield za India zenye waya wa shaba uliozungushwa kwenye mti wa mbele. Husemwa kwamba mti ulipasuka ukafungwa. Waya ule uliwekwa kwa makusudi kwenye bunduki za kurushia maguruneti kwa kikombe, kwa sababu pigo lake hupasua mbao. Bunduki ya namna hiyo imepigwa mapigo mazito maisha yake yote.

Nambari zinazolingana nazo zimejengewa imani kubwa. Watu huambiana kwamba nambari ya bolti ikifanana na ya mwili, bunduki ni ya asili na ni salama. Zisipofanana ni bomu. Yote mawili si kweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, karakana za Kisovyeti zilizifungua bunduki zao za bolti za Mosin-Nagant kwa wingi, zikachanganya vipuri, zikapaka mbao vanishi nyekundu, kisha zikapiga upya nambari za bolti na bamba la kitako ili zifanane na za mtutu. Nambari zinafanana, vipuri havijazaliwa pamoja. Hali hiyo iliwapata hata Mauser 98k zilizotekwa na Wasovyeti: nyingi zimepigwa herufi X upande wa kushoto wa mwili, bolti zimepakwa weusi, nambari zimechanganyika. Muuzaji anayeiita Mosin ya aina hiyo "haijawahi kutumika" anauza vanishi. Na ile inayoitwa ya mdunguaji kwa sababu tu mkono wa bolti umepindwa chini? Mkono unapindika kwa joto na nyundo katika karakana yoyote. Tafuteni kwanza matundu ya kushikia darubini upande wa kushoto wa mwili, na muulize yalitobolewa lini.

Usalama wa bolti hupimwa, hausomwi kwenye nambari. Risasi ya .303 hukaa kwenye chemba kwa ukingo wa kitako chake, na nafasi kati ya uso wa bolti na kiti cha ukingo huo inapaswa kuwa kati ya inchi 0.064 na 0.074, yaani takriban milimita 1.63 hadi 1.88. Ikizidi, ganda huvutika kila risasi inapopigwa, na hatimaye hukatika karibu na kitako, gesi ikarudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. No. 4 ina vichwa vya bolti vya kubadilisha, vyenye namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Lakini namba 3 haitoshi kusema chochote. Ni geji ya fundi inayosema.

Kwenye vipimo vya risasi ndipo jina moja linapoua. "7.62" si risasi moja. Kuna 7.62×39 ya SKS na Kalashnikov, 7.62×51 ya NATO inayotumiwa na bunduki za G3 na FAL, na 7.62×54R ya Mosin-Nagant na mashinegan ya PKM. Tarakimu ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na ndiyo inayotofautisha. R iliyo mwisho watu huifasiri "ya Kirusi". Ni ukingo: ganda lina mdomo uliotokeza kwenye kitako, kama la .303. Wajapani wa zamani nao walikuwa na 7.7 zaidi ya moja: ya bunduki ya Arisaka Aina ya 99 ina urefu wa 58 na haina ukingo uliotokeza, na ile ya mashinegan ya Lewis waliyoitengeneza kwa jeshi lao la majini ilikuwa .303 yenyewe. "Milimita 8 ya Mauser" nayo ilibadilishwa mwaka 1905 kutoka kichwa cha inchi 0.318 kwenda 0.323. Kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba huongeza shinikizo kupita ilivyokusudiwa, na mtutu wa zamani haukupigwa alama ya kuonya kila mara.

Bunduki ya Carcano ya Italia ilitukanwa miaka mingi kwamba haina shabaha, hasa baada ya kutumika katika mauaji ya Rais Kennedy mwaka 1963. Sababu moja ni ya hesabu tu. Mtutu wake wa "6.5" unahitaji kichwa cha inchi 0.268. Vichwa vya 6.5 vinavyouzwa kwa kawaida ni 0.264. Kichwa chembamba hakishikwi vizuri na mikunjo ya ndani ya mtutu, kinayumba, na lawama anabebeshwa Mwitaliano.

Kuhusu chuma dhaifu, uzushi umegeuza mambo kichwa chini. Arisaka hudharauliwa kwa kuwa zile za mwisho wa vita zina mbao za ovyo na chuma kilichoachwa na alama za tupa. Kumbe mwili wake ni miongoni mwa iliyo imara kabisa ya enzi hiyo. Kilicho hatari ni bunduki za Kijapani za mafunzo ya shuleni, zinazofanana nazo, zilizotengenezwa kwa risasi za baruti tupu. Upande wa pili, Springfield M1903 ya Marekani husifiwa yote kwa jumla, na hapo ndipo penye tahadhari ya kweli: zenye nambari chini ya 800,000 kutoka Springfield, na chini ya 285,507 kutoka Rock Island, zilipikwa na mafundi waliokadiria joto kwa macho. Siku yenye mwanga mkali chuma chekundu huonekana kimepoa, fundi akaongeza moto, kikaungua. Miili kadhaa ilivunjika vipande kama chungu. Anayesema huo ni uzushi asisikilizwe.

Nirudi Tanganyika, maana swali la "bunduki ya Mjerumani" hatujalimaliza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilibeba Mauser Modell 71, ya milimita 11, inayopakiwa risasi moja-moja, yenye baruti nyeusi. Baruti ile hutoa wingu jeupe linalomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki zilizoachwa na jeshi la Uingereza kutoka India. Aprili 1915 meli Rubens ilivunja kizuizi cha bahari, ikashambuliwa, ikakwama Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga. Mzigo wake, pamoja na bunduki zipatazo 1,800 za Mauser 98, uliokolewa, na risasi nyingi zikiwa zimeloa maji ya bahari. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaiteka ngome ya Wareno Ngomano na silaha zake. Jeshi hilo liliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Fikirieni maana yake kwa bunduki iliyopatikana darini Songea au Masasi. Mjerumani aliyekuwa nayo 1918 huenda alibeba Lee-Enfield. Alama ya kiwanda hutaja mahali ilipotengenezwa, haimtaji aliyeibeba. Mkiwa na kalipa, pimeni mdomo wa mtutu: karibu milimita 11 ni Modell 71, chini ya 8 ni nyingine. Tazameni upande wa kushoto wa mwili: "I.G. Mod. 71" kwa hati ya Kijerumani ya zamani, au "Gew. 98", ndiyo ile Mauser 98. Kama ni Gew. 98, mkono wa bolti hutokeza ubavuni moja kwa moja na urefu wote ni takriban milimita 1,250. Karabiner 98k ya 1935 mkono wake umepinda chini na urefu ni takriban 1,110.

Na neno gobore, ambalo ni letu, tulilinde. Gobore ni la kushindilia mdomoni, liwe la gumegume (la jiwe la kutoa cheche) au la fataki, liwe limetoka Ulaya enzi za biashara ya pembe au limefuliwa na fundi wa kijijini. Bunduki kuukuu yenye bolti, hata ikiwa na kutu namna gani, haiwi gobore.

Sasa utunzaji, kwa sababu pwani yetu haina huruma na chuma. Mnasikia "risasi zenye baruti inayokula mtutu". Baruti haina hatia. Fataki nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, na ikilipuka hubaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na Mombasa au Zanzibar mtutu huanza kushika kutu kabla ya kesho yake. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, ikaendelea kula chini kwa chini. Wamarekani husifia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, wakidhani amonia huua sumu. Kinachofanya kazi ndani yake ni maji. Mafundi wa jeshi la Uingereza walipewa faneli maalumu ya kumimina maji yanayochemka kupitia chemba, na hiyo ndiyo njia: toeni bolti, mtutu uelekezwe chini, mimineni lita moja hadi mbili. Chuma kikipata moto kitajikausha chenyewe. Pitisheni vitambaa vikavu mpaka kitoke safi, osheni pia uso wa bolti, kausheni, ndipo mpake mafuta mepesi. Kwa SKS, pistoni ya gesi na mrija wake navyo vioshwe. Wengi huvisahau, na ndivyo vinavyoganda kwanza. Chunguzeni tena baada ya siku mbili.

Kwa bunduki za makumbusho zilizowekwa grisi nzito ya ghalani, msikimbilie msasa wala brashi ya waya. Kitambaa na mafuta ya taa, mbali na moto, vinatosha kwa chuma. Mosin inayogoma kufunguka bolti baada ya risasi kadhaa mara nyingi haina ubovu: ni grisi hiyo iliyobaki kwenye chemba ikapata joto ikawa gundi. Kwenye mbao tumieni joto la kiasi tu. Jua kali la saa sita hupasua mti uliokaa miaka 80 gizani.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni haina risasi. Bunduki ikiletwa kutoka nyumba ya marehemu, polisi wajulishwe kabla haijaguswa kwa usafi. Ya bolti: mdomo uelekee mahali salama, magazini itolewe kama inachomoka, bolti ivutwe, kisha chemba itazamwe kwa tochi na kuguswa kwa kidole kidogo, kwa sababu risasi yenye kutu hufanana na chuma. Gobore halina cha kufungua, na baruti nyeusi iliyokaa kavu karne nzima bado inawaka. Hapo chukueni fimbo nyembamba ya mti, kamwe isiwe ya chuma. Simameni kando ya mdomo, iteremsheni taratibu mpaka igote, pigeni alama ya penseli usawa wa mdomo, kisha itoeni mkailaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni palepale. Ncha ya fimbo ikifika usawa wa tundu la fataki, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Wekeni chini, fungeni mlango, iteni fundi wa silaha.

Ile kadi ya ukutani, basi, baada ya kupima na kusoma mihuri, iandikwe hivi: "Bunduki ya bolti Mauser Modell 71, milimita 11, risasi moja-moja, baruti nyeusi. Imetengenezwa Ujerumani. Aina hii ilitumiwa na askari wa Schutztruppe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mmiliki wake wa kwanza hajathibitishwa. Mtutu umekaguliwa, ni mtupu." Na tarehe ya ukaguzi, na saini ya aliyekagua.